Tarakimu Nne

Simu yenyewe ilikuwa ya kazi. iPhone 5C, ile ya mgongo wa plastiki ambayo Apple waliitoa mwaka 2013 kwa wasiotaka kulipia ile ya bei kubwa. Mwenye mali alikuwa idara ya afya ya kaunti ya San Bernardino, California, iliyomgawia mkaguzi wake, Syed Rizwan Farook. Tarehe 2 Desemba 2015 Farook na mkewe, Tashfeen Malik, waliingia na bunduki katika ukumbi walimokusanyika wafanyakazi wenzake, wakaua watu 14 na kujeruhi 22. Saa chache baadaye wote wawili walikuwa wameuawa na polisi. Simu zao binafsi walikwisha kuzivunjavunja. Hii ya ofisi ilikutwa ndani ya gari, nzima, imefungwa kwa namba ya siri ya tarakimu nne.

Tarakimu nne si nyingi. Kuanzia 0000 hadi 9999 kuna namba 10,000, na mtu mwenye subira angezibonyeza zote kwa siku mbili tatu. Kilichoikwamisha FBI hakikuwa wingi wa namba bali jinsi simu ilivyosukwa. Apple walipotoa mfumo endeshi wa iOS 8, Septemba 2014, ilikuwa imepita miezi 15 tangu Edward Snowden aanike namna serikali ya Marekani inavyochota mawasiliano ya watu, na wakaupanga mfumo huo ili hata wao wenyewe wasiweze kuifungua simu ya mteja aliyeweka namba ya siri. Taarifa zilizomo husimbwa, zikawa vurugu isiyosomeka bila ufunguo. Ufunguo huo hupatikana kwa kuchanganya namba ya siri ya mwenye simu na namba nyingine ndefu mno iliyochomwa ndani ya chipu kiwandani. Hiyo ya pili haiandikwi pengine popote, na Apple hawana orodha yake. Kwa hiyo huwezi kuchomoa kumbukumbu ya simu ukaipeleka kwenye kompyuta kubwa ikabahatishe usiku kucha. Kila jaribio sharti lifanyike ndani ya simu ileile, kwenye chipu ileile.

Juu ya hapo kuna breki. Kila namba unayoijaribu huchukua kiasi cha sekunde 0.08 kuhakikiwa, na ucheleweshaji huo umewekwa makusudi. Ukikosea mara kadhaa, simu hukusubirisha dakika moja, kisha tano, kisha kumi na tano, kisha saa nzima. Ukikosea mara ya kumi, ikiwa mwenye simu aliuwasha mpangilio huo, ufunguo hufutwa na vilivyomo havipatikani tena. FBI hawakujua kama Farook aliuwasha. Ziondoe breki hizo mbili za mwisho, ruhusu namba ziingizwe kwa waya badala ya kidole, halafu piga hesabu: majaribio 10,000 kwa sekunde 0.08 ni sekunde 800. Dakika 13 na ushei. Angeweka tarakimu sita, ingekuwa karibu saa 22.

Hicho ndicho FBI walichokitaka, na ni vizuri msomaji akishike kwa usahihi, kwa kuwa kelele zilizofuata zilikivuruga. Hawakuwaomba Apple namba ya siri, ambayo Apple hawakuwa nayo. Waliwataka watengeneze toleo la mfumo endeshi lisilo na breki, walipakie kwenye simu ile, kisha mashine ya serikali ifanye kazi ya kubahatisha. Lakini mbona wasiiandike programu hiyo wenyewe? Serikali ya Marekani haikosi waandishi wa programu. Jibu ni kwamba iPhone haikubali mfumo wowote usio na sahihi ya kidijitali ya Apple, sahihi inayotolewa kwa ufunguo ambao kampuni huulinda kuliko fedha zake. Ukiuvua ubishi wote maneno yake makubwa, usalama wa taifa upande huu na uhuru wa raia upande ule, unakuta swali dogo na gumu: je, mahakama inaweza kumlazimisha mtengenezaji atie sahihi kwenye kitu ambacho hakiamini, kilichobuniwa ili kuvunja kazi ya mikono yake mwenyewe?

Tarehe 16 Februari 2016 hakimu wa mahakama ya shirikisho, Sheri Pym, aliamuru Apple wasaidie. Sheria aliyoitegemea ni All Writs Act ya mwaka 1789, mwaka ambao George Washington aliapishwa kuwa rais. Ni sheria ya sentensi chache inayoziruhusu mahakama kutoa amri yoyote inayohitajika ili kazi yao ifanikiwe. Serikali iliiegemeza kwenye hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi ya mwaka 1977, ambapo kampuni ya simu ya New York ililazimishwa kuwasaidia wapelelezi wa kamari haramu kunasa namba zinazopigwa kwenye laini fulani. Apple wakajibu kwamba kampuni ile iliombwa kutumia vifaa na utaratibu iliokuwa nao tayari. Sisi, walisema, tunaambiwa tuumbe kisichokuwepo. Mhandisi wao aliiandikia mahakama kwamba kazi hiyo ingehitaji watu 6 hadi 10 kwa wiki mbili mpaka nne, na programu hiyo ambayo haijazaliwa wakaipa jina la kejeli, GovtOS.

Tim Cook, mkuu wa Apple, alitoa barua kwa wateja siku hiyohiyo. Donald Trump, wakati huo akigombea urais, aliwataka watu wasinunue bidhaa za Apple. Na watu wa kawaida? Uchunguzi wa maoni wa taasisi ya Pew mwezi huo ulikuta asilimia 51 wakisema Apple waifungue simu, asilimia 38 wakisema wasiifungue. Wanaosimulia kisa hiki kama hadithi ya umma uliosimama na kampuni dhidi ya dola wanajidanganya. Watu 14 walikuwa wamekufa, na aliyefiwa haulizi habari za sahihi za kidijitali.

Hata hivyo mmoja wa waliokuwa na haki ya kuuliza alishangaza wengi. Mume wa mwanamke aliyepigwa risasi siku ile na kunusurika aliiandikia mahakama barua ya kuwaunga mkono Apple. Alieleza kwamba mwanzoni kampuni ilimkera, kisha akafikiri upya. Mkewe naye alikuwa na iPhone ya kaunti, na hakuitumia kwa mambo yake binafsi, kwa sababu ni simu ya kazi. Aliona si rahisi kukuta la maana ndani ya simu ya Farook. Katika makaratasi yote ya kesi ile, na ni mengi, sijaona hoja iliyokwenda moja kwa moja kwenye jambo kama ile ya mtu huyu asiyekuwa mwanasheria wala mhandisi.

Ingekuwa rahisi kuliacha suala hapo na kuwagawa watu mafungu mawili, wapelelezi wabaya na wahandisi wema. Ila undani wa kesi unaonyesha zaidi uzembe kuliko ubaya. Kaunti ilikuwa inalipia huduma ya kusimamia simu za wafanyakazi kutoka mbali, dola 4 kwa simu kwa mwezi, ambayo ingewawezesha kuifungua simu hiyo kwa dakika chache. Kwenye simu ya Farook hawakuiweka. Kisha, siku chache baada ya mauaji, mtumishi wa kaunti, kwa maelekezo ya FBI, alibadilisha nenosiri la akaunti ya iCloud ya Farook ili waone kilichomo. Wakaona nakala zilizohifadhiwa hadi tarehe 19 Oktoba, na hizo Apple walikwisha kuzitoa kwa hati ya mahakama bila ubishi. Laiti wasingeligusa nenosiri, wangeweza kuipeleka simu kwenye mtandao wa Wi-Fi inaoufahamu, kuichomeka kwenye chaji, na kuiacha itume yenyewe nakala mpya. Mkurugenzi wa FBI, James Comey, alikiri mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi tarehe 1 Machi kwamba hapo walikosea.

Kikao hicho cha kamati kilikuwa na mengine. Cyrus Vance, mwendesha mashtaka wa Manhattan, alikuja na hesabu ya simu 175 za iPhone zilizokuwa kwenye makabati ya ofisi yake zikiwa na hati halali za upekuzi na hakuna wa kuzifungua. Hati ya upekuzi, kwa hoja yake, ni makubaliano ya karne nyingi kati ya raia na dola: jaji akiridhika, mlango unafunguliwa, na hakuna nyumba iliyo juu ya sheria. Kwa nini simu iwe? Ni hoja nzito, nzito kuliko wapinzani wake wanavyotaka kukubali. Susan Landau, mtaalamu wa usalama wa kompyuta aliyeketi meza hiyohiyo, aliijibu kwa njia ambayo naona ndiyo iliyostahili kusikilizwa zaidi: kwamba FBI wanataka uwezo wa karne ya 20 kwa matatizo ya karne ya 21, na wangefanya vyema kujenga wataalamu wao wa kuvunja simu moja moja kuliko kudhoofisha simu za wote. Kwa ufupi, aliwaambia wajifunze kazi.

Siku moja kabla ya kikao hicho, jaji mdogo wa Brooklyn, James Orenstein, alikuwa ametoa uamuzi katika kesi nyingine, ya dawa za kulevya, ambapo serikali iliomba msaada wa Apple kwa sheria ileile ya 1789. Alikataa. Bunge, alisema, limejadili mara nyingi kama kampuni zilazimishwe hivi na halijatunga sheria hiyo, kwa hiyo mahakama haiwezi kujipa kwa mlango mwingine kile ambacho Bunge halikutoa. Sasa kulikuwa na maamuzi mawili yaliyopingana, na kila mtu akasubiri kikao cha California cha tarehe 22 Machi.

Tarehe 21 Machi, jioni, Wizara ya Sheria ikaomba kiahirishwe. Mtu wa nje, ilisema, ameonyesha njia. Tarehe 28 ikaiambia mahakama kwamba simu imefunguka na amri haihitajiki tena. Kesi iliyojaza magazeti ya dunia kwa wiki sita ikafa bila hukumu. Hiyo ya Brooklyn nayo ilikwisha mwezi uliofuata kwa namna ya kuchekesha: kuna mtu aliitaja namba ya siri.

Ndani ya simu ya Farook hawakukuta kitu cha maana. Mume wa yule majeruhi alikuwa sahihi.

Gharama ilijitokeza kidogokidogo. Akiwa London mwezi Aprili, Comey aliulizwa wamelipa kiasi gani, akajibu kwamba ni zaidi ya mshahara wake wote wa miaka saba na miezi minne iliyobaki kazini. Waandishi wakapiga hesabu wakapata zaidi ya dola milioni 1.3. Mwaka uliofuata Seneta Dianne Feinstein aliitaja hadharani kuwa dola 900,000. Jina la aliyelipwa lilichukua muda zaidi: Aprili 2021 gazeti la Washington Post liliitaja Azimuth Security, kampuni ndogo ya Australia. Mtaalamu wao alianzia kwenye kasoro iliyokuwa katika programu iliyoandikwa na Mozilla, ambayo Apple waliitumia kwenye tundu la kuchomekea waya, akaiunganisha na kasoro nyingine mpaka akafika kwenye moyo wa mfumo na kuzizima breki.

Lakini karatasi ninayoiona kuwa ya thamani kuliko zote katika mkasa huu ni ripoti ya Machi 2018 ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria yenyewe. Alikuta kwamba FBI walikuwa na kitengo kimoja kilichoshughulikia ushahidi wa simu, na kitengo kingine chenye zana za kudukua kwa kazi za usalama wa taifa, na havikuwa vikizungumza ipasavyo. Mkuu wa kitengo cha pili aliposikia shida ya simu ile mwezi Februari, siku chache kabla ya serikali kwenda mahakamani, aliwasiliana na wauzaji aliowajua, na mmoja wao alikuwa amekwisha kufika kama asilimia 90 ya njia. Mkaguzi hakumkuta Comey na kosa la kuidanganya kamati. Wakati anasema hawawezi, aliamini hivyo. Ila ripoti inaeleza kwamba mkuu wa kitengo cha ushahidi hakufurahi kabisa njia ilipopatikana, kwa kuwa kesi dhidi ya Apple isingeendelea. Lisome tena hilo. Simu imefunguliwa, upelelezi wa mauaji ya watu 14 umepata ulichokuwa unakililia, na mtu aliyepewa kazi ya kuifungua ananuna. Kwa baadhi yao, basi, lengo lilikuwa hukumu ambayo ingetumika kwa simu zote zinazofuata, na Farook alichaguliwa kwa kuwa hakuna binadamu ambaye angemtetea.

Tabia ya kukuza mambo haikuishia hapo. Christopher Wray, aliyemrithi Comey, alirudia mara kwa mara kwamba kwa mwaka mmoja FBI walishindwa kufungua vifaa 7,775. Mei 2018 shirika lilikiri kwamba lilihesabu vibaya, na idadi halisi ilielezwa kuwa kati ya 1,000 na 2,000.

Nisionekane ninafumba jicho moja. Desemba 2019 mwanajeshi wa Saudi Arabia aliyekuwa akifunzwa katika kituo cha wanamaji cha Pensacola, Florida, aliua mabaharia watatu. Alikuwa na iPhone mbili, na Mwanasheria Mkuu William Barr akawalaumu Apple kama Comey alivyowalaumu. FBI walizifungua wenyewe, Mei 2020, baada ya miezi mitano hivi, na safari hii kulikuwa na kitu: mawasiliano ya miaka na al-Qaeda wa Yemen. Miezi hiyo ina uzito. Aliyekuwa upande wa pili wa mazungumzo hayo alipata muda wa kujificha, na anayesema kwamba usimbaji hauna gharama hajakaa na wapelelezi wa kesi kama hiyo, wala na wale wanaotafuta watoto walioumizwa huku picha zikiwa ndani ya simu isiyofunguka.

Swali ni gharama ipi tunaikubali, na hapo historia ina majibu ambayo waziri wa mambo ya ndani wa nchi yoyote hapendi kuyasikia. Mwaka 1993 serikali ya Bill Clinton ilipendekeza chipu iliyoitwa Clipper, iwekwe kwenye simu, isimbe mazungumzo, na nakala ya ufunguo ihifadhiwe na serikali. Mwaka mmoja baadaye Matt Blaze, mtafiti wa AT&T, alionyesha kwamba sehemu iliyohakikisha serikali inapata ufunguo ingeweza kuchezewa. Mradi ukafifia. Badala yake ikabaki sheria iliyopitishwa mwaka 1994 kwa kampuni za simu: mitambo yao ijengwe tayari na mahali pa kunasia mazungumzo, serikali ikija na hati.

Anayejenga nyumba akaacha mlango wa uani bila komeo ili mjumbe wa nyumba kumi apite akitaka, hawezi kumwambia mwizi kwamba mlango ule haukukusudiwa kwake. Huko Ugiriki, mwaka 2004, mwaka wa michezo ya Olimpiki ya Athens, watu ambao hadi leo hawajafikishwa mbele ya sheria waliingia kwenye mitambo ya Vodafone iliyotengenezwa na Ericsson, wakauwasha uwezo wa kunasia ambao kampuni yenyewe ilikuwa haijaanza kuutumia, na kwa miezi kadhaa wakasikiliza simu zaidi ya 100, ikiwemo ya Waziri Mkuu Kostas Karamanlis. Miaka 20 baadaye ikawa zamu ya Marekani. Oktoba 2024 iliripotiwa kwamba wadukuzi wa China, waliopewa jina la Salt Typhoon, waliingia kwenye mitandao ya AT&T, Verizon na wengine, na miongoni mwa walivyovifikia ni mifumo ileile iliyojengwa kwa ajili ya kunasa kwa amri ya mahakama. Ikafika Desemba, maafisa wa serikali, wa FBI wakiwemo, wanawashauri Wamarekani watumie programu za ujumbe zilizosimbwa. Shirika ambalo kwa muongo mzima liliwaambia watu kwamba usimbaji ni kichaka cha wahalifu sasa liliwaambia waingie humo wajifiche.

Hivyo ningependa kusema kwamba Apple walishinda na dunia ikawa salama. Haikuwa hivyo. Kwa kuwa hakuna mahakama iliyojibu, lililobaki ni soko. Serikali haikupata sahihi, ikanunua mwanya, na walioona bei ile hawakuwa wanunuzi peke yao. Mwanya ukinunuliwa ni lazima ufichwe. Ukimwambia mtengenezaji, ataziba na fedha yako imekwenda bure. Maana yake ni kwamba dola yenye jukumu la kuwalinda raia inakuwa na sababu ya kuwaacha mamilioni yao na kasoro inayoijua. Mwaka 2017 zana iliyoibwa kutoka NSA, shirika la ujasusi la Marekani, iliyotumia kasoro ya Windows, ilitumika kwenye shambulio la WannaCry. Kompyuta za nchi takribani 150 ziliambukizwa, na hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa.

Na mnunuzi si lazima awe FBI. Miezi mitano tu baada ya simu ya Farook kufunguliwa, Agosti 2016, mtetezi wa haki za binadamu wa Umoja wa Falme za Kiarabu, Ahmed Mansoor, alipata ujumbe wa simu wenye kiungo kilichoahidi siri za mateso magerezani. Hakukibonyeza. Alikipeleka kwa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto, nao wakagundua kwamba angekibonyeza, mianya mitatu isiyojulikana na Apple ingeifungua simu yake yote kwa programu ya Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israeli. Apple waliziba kwa toleo la iOS 9.3.5. Mansoor alikamatwa mwaka uliofuata, na mwaka 2018 akahukumiwa miaka 10. Kwa mtu kama yeye usimbaji haukuwa mada ya chuo.

NSO husema huiuzia serikali tu, kwa ajili ya magaidi na wahalifu. Lakini Desemba 2021 Reuters iliripoti kwamba iPhone za angalau watumishi 9 wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ama waliokuwa Uganda ama walioshughulikia mambo ya Uganda, zilikuwa zimeingiliwa kwa zana za NSO. Waliowatahadharisha ni Apple. Aliyetuma hakutajwa, na NSO ikasema imezifunga akaunti zinazohusika. Mwezi mmoja kabla, Marekani ilikuwa imeiweka NSO kwenye orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuuziwa teknolojia yake bila kibali. Tuliozoea kudhani kwamba mabishano ya California ni ya California tuitazame Kampala: simu ya mwanadiplomasia wa taifa lililoanzisha ugomvi na simu ya mwandishi wa habari wa hapo mjini hulindwa na mfumo endeshi uleule, na mwanya ukiwepo, upo kwa wote wawili.

Apple nao wasivikwe kilemba kisicho chao. Mwaka 2018 walihamishia hifadhi ya iCloud ya wateja wa China bara kwa kampuni ya jimbo la Guizhou inayomilikiwa na serikali, na funguo zikahamishiwa China, kwa sababu sheria ya China ilitaka hivyo. Reuters iliripoti mwaka 2020 kwamba waliwahi kuacha mpango wa kusimba kikamilifu nakala za iCloud baada ya FBI kulalamika. Ulinzi huo uliwafikia wateja mwishoni mwa 2022 tu, nao ni wa hiari. Kampuni hupima kanuni zake kwa mizani ya soko.

Ulinzi huo wa hiari ndio uliouleta ugomvi wa mwaka 2025, na huo unanitia wasiwasi kuliko ule wa Farook. Februari 2025 ilifahamika kupitia Washington Post kwamba serikali ya Uingereza, ikitumia sheria yake ya mwaka 2016 ya mamlaka ya upelelezi, iliwapa Apple amri ya kuhakikisha inaweza kuzifikia nakala zilizosimbwa. Chini ya sheria hiyo, aliyepewa amri haruhusiwi hata kusema kama amepewa. Tarehe 21 mwezi huo Apple waliuondoa ulinzi huo kwa watumiaji wa Uingereza, bila kuitaja amri, wakaenda kuipinga katika baraza maalumu linalosikiliza mashauri ya upelelezi. Serikali ikaomba hata kuwepo kwa shauri hilo kusijulikane, wala majina ya wanaoshitakiana. Tarehe 7 Aprili majaji wawili walikataa, wakaruhusu yale mawili tu: kwamba kuna shauri, na kwamba ni la Apple na Wizara ya Mambo ya Ndani.

Comey, kwa yote niliyomlaumu, alipeleka ombi lake mahali ambapo kila mtu aliweza kulisoma siku hiyohiyo. Lilipingwa kwa hoja, Bunge lilimwita akaulizwa maswali ya aibu akajibu, mkaguzi wa wizara yake mwenyewe akaja kumchunguza, na mume wa majeruhi alijua barua yake aipeleke kwa hakimu yupi.